Kipande cha Reli cha Waberi

Reli haijawahi kufika Garissa. Wakoloni hawakuileta, waliowarithi wameiahidi kila uchaguzi, na hadi leo mtu wa huku akitaka kuona gari moshi lazima kwanza apande basi hadi Nairobi. Kwa hiyo maafisa walipoingia mtaa wa Waberi asubuhi ile wakisaka reli za wizi, ungedhani wangecheka wenyewe njiani na kurudi kituoni. Hawakucheka. Walipita boma hadi boma, wakapindua mabati na kufungua magunia, na mwishowe wakafika kwa Siyad mhunzi.

Siyad hakuwepo. Alikuwa amevuka daraja kutafuta mkaa wa mti wa mathenge. Nyumbani walikuwepo mkewe, Khadijo, na binti yao Hinda, aliyemaliza kidato cha nne na kurudi kukaa bure kama wenzake wengi. Mkubwa wa maafisa hao aliitwa Silas, mtu wa magharibi mwa nchi aliyehamishiwa Garissa na ambaye hakuficha hamu yake ya kuhamishwa tena. Tangu waya za stima zikatwe upande wa sokoni, amri ilikuwa imetoka juu kwamba kila chuma kikaguliwe, hata reli, na kila afisa arudi na kitu cha kuonyesha. Silas alikuwa hajapata kitu.

Na asingepata. Fuawe la Siyad, chuma alichofulia juu yake, lilikuwa palepale kibandani, limezama nusu ndani ya gogo, limeparamiwa na masizi, na Silas alilipita mara mbili bila kulitazama. Kilichowaponza ni adabu. Kwa watu wa ukoo wa uhunzi, mgeni akiingia hupewa chai, kisha huonyeshwa fuawe. Watu wengine huonyesha ngamia wao. Mhunzi hana ngamia. Fuawe lile waliliita mzee wa nyumba. Lilipakwa mafuta ya kondoo kila Ijumaa, na hakuna mtoto aliyezaliwa pale aliyewahi kuruhusiwa kulikalia.

"Kaeni, kaeni, kunyweni chai kwanza," Khadijo alisema, akimimina chai ya maziwa ya ngamia. "Kazi ya serikali haikimbii. Umeona huyu mzee wetu, afande? Hii si chuma ya kuokota. Hii ni reli. Reli kabisa, ya gari ya moshi. Garissa mzima hakuna ingine."

Hinda alimkata jicho mama yake, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Silas alimaliza kwanza chai. Alimaliza yote, tena akapangusa mdomo, halafu akachuchumaa akafuta masizi kwa kidole hadi herufi za kale zikajitokeza ubavuni mwa kile chuma.

"Mama," akasema, "hii ni mali ya umma."

"Habana," Khadijo alisema kwa lafudhi ya Kisomali, ambayo hugeuza p kuwa b na v kuwa f, "ni ya baba yake Siyad."

"Reli haina baba. Mali ya umma hiyo. Vijana, ng'oeni."

Walilipiga gogo kwa sururu hadi likapasuka. Khadijo alisimama na birika mkononi, akiwaomba angalau waache gogo. Walilibeba fuawe wawili wawili wakipokezana, wakalitupa nyuma ya gari, na mmoja wao akarudi kuuliza kama chai ilibaki.

*

Siyad alifika kituoni akiwa bado na vumbi la mkaa usoni. Aliambiwa aketi chini, ingawa kulikuwa na benchi na benchi lilikuwa tupu. Akaketi chini. Fuawe aliliona kupitia mlango wa nyuma, limewekwa kwenye uchochoro wa jikoni, na juu yake palikuwa na sufuria ya sukuma wiki.

"Risiti iko wapi?" Silas alimuuliza.

"Baba yangu alinunua kwa mnada, afande. Kuna ile reli ndogo ya kule Ithangini, serikali yenyewe ilifunga, ikauza fyuma. Baba alileta na lori ya mbuzi. Mimi nilikuwa mtoto."

"Nimeuliza risiti, sijauliza hadithi."

"Baba alikufa."

"Alikufa na risiti?"

Maafisa wengine wakacheka. Jamani, ni nani nchi hii aliye na risiti ya nyundo ya babake? Ni nani anayetunza karatasi ya mwiko, ya kinu, ya kitanda alichozaliwa? Lakini maskini akikosa karatasi ya kitu, kitu hicho hugeuka cha wizi, na yeye hugeuka mwizi aliyeketi chini.

Silas hakuwa mtu mbaya kupita kiasi, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Alipoona Siyad hana cha kumpa na hajui hata kudokezwa, alilegeza sauti. "Sikiliza, mzee. Mimi sina shida na wewe. Lete mtu wa maana aseme anakijua hiki kitu. Mzee wa ukoo wenu, mtu anayejulikana hapa mjini. Aje aseme ni chako, uchukue uende."

Siyad alishukuru. Alitoka akitembea haraka, kwa sababu mtu wa maana alimjua, na alimjua vizuri.

*

Gelle alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mzee wa ukoo ambao jamaa ya Siyad imekaa chini yake tangu enzi za mababu. Kukaa chini yake maana yake ilikuwa hivi. Mtu wa kwa kina Gelle akiua au akijeruhi, fidia huchangwa nyumba kwa nyumba, na nyumba ya Siyad huhesabiwa. Kijana wao alipogonga mtu kwa lori barabara ya Dagahaley, Siyad alitoa. Mpwa wa Gelle alipomchoma mwenzake kisu kule Bute, Siyad alitoa tena, na mwezi ule Hinda alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mchango huo hauulizwi. Lakini kuoana nao, hapana. Binti ya mhunzi haolewi kwa Gelle, na binti ya Gelle hata kutajwa mbele ya mhunzi ni matusi. Wote wanaswali msikiti mmoja, wanasikia mawaidha yaleyale, kisha kila mtu anarudi na ujinga wake nyumbani.

Siyad alimkuta sokoni, kwenye kibanda chake, akiwa na wanunuzi. Vikombe vya bilauri vilikuwa vikizunguka. Siyad alipoketi, Gelle alinyoosha mkono akatoa msumarini kikombe cha plastiki kilichoning'inia peke yake, akakipuliza vumbi, akamtilia chai humo. Siyad alikinywea. Amekuwa akikinywea kikombe kile tangu ujana wake.

"Nimesikia," Gelle alisema. "Pole sana. Wewe ni mtu wetu, Siyad."

"Basi twende, adeer," Siyad akasema, akimwita ami kwa heshima. "Ni maneno mawili tu. Sema tu kwamba unalijua. Chapa ya ngamia wako ilifuliwa pale, na ya baba yako pia."

Gelle alizichambua ndevu zake. "Tatizo ni wakati. Mheshimiwa anakuja kuzindua mradi wa reli, na mimi niko kwenye kamati ya mapokezi. Sasa mtu wa kamati aonekane polisi kwa kesi ya vyuma vya reli? Watu watasemaje?"

"Mimi nimechanga kila mlipochanga, adeer."

"Mchango ni wa damu," Gelle alisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto dini. "Hili ni la chuma. Hatuna desturi ya kusimamia chuma."

Wanunuzi waliinamisha macho kwenye vikombe vyao. Siyad alisimama. Alikuwa ameshafika mlangoni Gelle alipomwita, na moyo wake, pumbavu ule, ukaruka.

"Na chapa yangu mpya? Nina ndama wanangoja kupigwa alama."

"Imefika nusu, adeer."

"Jitahidi, basi. Jitahidi."

*

Nyuma ya boma la Siyad alipanga chumba mwalimu Musembi, Mkamba aliyefundisha shule ya msingi ya jirani. Jioni alikuja kuwapa pole, na aliposikia jina la Ithangini aliweka kikombe chini.

"Mama Hinda, hiyo ni kwetu!" akasema. "Mimi nimezaliwa pale reli ilipoishia. Ilipofungwa walikuja na lori, wakang'oa, wakauza mchana kweupe, kila mtu akiona. Stesheni sasa ni kinu cha posho. Mbao zake ndizo benchi za kanisa letu, ukikaa unanuka lami hadi leo. Na shuleni kwetu kengele ni kipande cha reli, kimetundikwa kwenye mti. Nimeamshwa na hiyo kengele, nimechapwa kwa kuichelewa. Kesho nitaenda kusema."

Akaenda, mtu wa watu. Alivaa tai. Aliandikisha maelezo yake yote, kinu cha posho, benchi, kengele, na Silas akamsikiliza mpaka mwisho huku akizungusha kalamu.

"Kwa hivyo, mwalimu," akasema, "unakiri kwamba shule yenu ina mali ya reli isiyo na kibali."

"Ni kengele, afande."

"Na kanisa lenu pia. Nipige simu kule niwaulizie? Halafu tumweleze mwajiri wako kwamba unajua mambo ya vyuma sana?"

Musembi alirudi na tai mfukoni. Alishindwa hata kuingia bomani. Alisimama kwenye ua, akazungumza kupitia miba.

"Mzee Siyad, nisamehe. Nina watoto shuleni." Kisha hasira ikampanda. "Kwetu walituulia reli, wakatuachia vipande. Huku hawakuwaletea kabisa, na kipande kimoja mlicho nacho wanakuja kukichukua. Hii ni serikali gani?"

"Bole, mwalimu," Siyad alimwambia. Yeye aliyeibiwa ndiye aliyekuwa anatoa pole.

*

Boma likanyamaza. Ambaye hajaishi na mhunzi hajui kimya hicho. Nyundo ya Siyad ndiyo iliyokuwa saa ya mtaa. Wanawake waliinjika chai ikianza na kuanua nguo ikikoma. Siyad alijaribu kufulia juu ya jiwe, jiwe likapasuka. Akajaribu juu ya kipande cha ekseli ya lori, kikawa kinadunda na kupinda kila kisu. Wateja wakaanza kupeleka mashoka yao kwingine. Khadijo akauza mbuzi wa maziwa, akauza na sanduku lake la harusi, na hakulia. Kilichomuumiza ni kingine.

"Ni ulimi wangu," alimwambia Hinda. "Wangetoka. Walikuwa wanatoka. Mimi ndiye niliyewaonyesha."

"Hooyo, mama yangu, wacha. Ulimpa mtu chai, ukamwonyesha kitu chako. Kosa liko wapi? Yeye ndiye fala, alikunywa chai kwanza."

"Babu yako alinikabidhi mimi. Alisema, Siyad ana mikono, lakini wewe ndiye utakayelilinda."

 Hinda alikwenda kila siku kituoni kuulizia, akarudishwa kila siku, mara faili haipo, mara mkubwa hayupo, mara aje na babake, mara babake aje na wazee. Siku moja alichungulia uchochoroni na sufuria ya sukuma ilikuwa chini, sakafuni. Fuawe halikuwepo.

"Limeenda wapi?" aliuliza.

"Limechukuliwa kwa kazi rasmi," alijibiwa.

*

Siku ya uzinduzi mji ulifagiwa. Hema zilisimamishwa kwenye uwanja mkavu karibu na soko la mifugo, viti vikafunikwa vitambaa vyeupe, na watoto wa shule wakapangwa juani. Siyad alisema haendi. Khadijo akasema wataenda, maana kama kuna wakubwa wa kutosha mahali pamoja labda mmoja atasikiliza.

Walisimama nyuma ya kamba pamoja na umma wote. Mheshimiwa alizungumza kuhusu reli itakayokuja, na ajira itakayokuja, na namna ambavyo Garissa haitasahaulika tena. Kisha akaombwa afunue kumbukumbu. Kitambaa kikavutwa. Palikuwa na msingi wa saruji wa kimo cha goti, na juu yake, kimeshikwa kwa saruji na kupakwa rangi ya fedha, kulikuwa na kipande cha reli.

Watu wakapiga makofi. Siyad hakupiga. Rangi haikuwa imelifunika lile bonde dogo la katikati, lililochimbwa na nyundo ya baba yake na kumaliziwa na yake.

Ilikuwa hivi: kamati ilitaka reli ya kuzindulia reli, na Garissa nzima hakuna reli. Walikaribia kuagiza kutoka Nairobi. Ni Gelle aliyekumbuka. Gelle ambaye hakuweza kwenda kituoni kusema maneno mawili, alikwenda kituoni na barua ya kamati, akasema analijua fuawe hilo, analijua tangu utoto, na akapewa saa ileile. Sasa alikuwa ameketi safu ya mbele, amevaa kofia mpya, akipiga makofi.

"Abo, ni letu," Hinda alimnong'oneza babake. "Ni letu, wallahi!"

Siyad alimshika mkono binti yake asipite kamba.  Mheshimiwa aliweka kiatu juu ya reli, wapiga picha wakamsogelea, akatabasamu. Mzee wa nyumba, ambaye watoto wa nyumba hawakuruhusiwa hata kumkalia, akawekewa kiatu. Khadijo aliona yote hayo. Walirudi nyumbani.

*

Asubuhi iliyofuata hema zilikuwa zimeondolewa, na uwanjani zilibaki chupa za maji na mbuzi waliokuwa wakila vitambaa vya karatasi. Siyad alikuwa bado amelala, amegeukia ukuta, aliposikia mkewe akiburuta kitu. Akatoka. Khadijo alikuwa amefunga mvukuto wa kupulizia moto kwenye mkokoteni, na gunia la mkaa, na koleo zote, na nyundo zote, na mkeka, na birika.

"Unahama?" akamuuliza.

"Naenda kazini. Unakuja?"

"Kazini wapi?"

"Fuawe liko wapi?" Khadijo akamuuliza. Siyad akaenda kuvaa viatu.

Hinda akasukuma mkokoteni. Waliuweka mvukuto kando ya msingi wa saruji, wakachimba shimo dogo la moto, wakatandika mkeka. Khadijo alikwangua rangi ya fedha kwa kisu kisha akapaka mafuta ya kondoo, ingawa haikuwa Ijumaa. Siyad alitoa motoni ile chapa iliyofika nusu, akasema Bismillahi, akapiga.

Sauti ikaenda. Ilipita soko la mifugo, ikapita barabara, ikafika Waberi, na wanawake wakatoka nje na masufuria mikononi. Mwalimu Musembi, aliyekuwa darasani, aliweka chaki mezani akasikiliza, na watoto wakamwona akicheka peke yake. Kabla jua halijawa kali tayari kulikuwa na watu wamekaa uwanjani na mashoka, na visu, na majembe.

Gelle naye akaja, akitembea haraka kuliko umri wake.

"Siyad! Umeingiwa na nini? Hiyo ni kumbukumbu ya mheshimiwa!"

"Chapa yako, adeer," Siyad akasema bila kuinua macho. "Inakaribia."

Khadijo alimtilia chai, kwenye mojawapo ya bilauri walizonywea wao, akampa kwa mikono miwili. Watu wote walitazama. Gelle aliipokea maana kukataa mbele ya watu ni aibu, na hakuinywa maana kuinywa mbele ya watu, kwake, ni aibu vilevile. Akabaki ameishika.

Ndipo Silas alipofika na gari, akashuka mbio, mkono kiunoni.

"Nani amewapa ruhusa? Simama! Mzee, weka nyundo chini!"

Siyad akasimamisha nyundo juu. Khadijo alikwenda akasimama kati yao. Safari hii hakuwa na birika mkononi.

"Afande, siku ile nyumbani kwangu ulisema hii ni mali ya nani?"

"Ya umma. Ndiyo maana..."

"Umma ni nani?"

Silas akawaangalia watu waliokaa chini na mashoka yao butu. Nao wakamwangalia. Hakuna aliyeinuka.

"Hatujaiba," Khadijo akaendelea. "Hatujang'oa. Iko bale bale mliboiweka. Sisi ni umma, tunatumia. Kama kuna sheria, soma."

Silas alitoa simu. Alizungumza na mkubwa wake mgongo ukiwa umewageukia. Alisikika akisema hapana, hawajaharibu, hapana, hawajahamisha, ndiyo, ni mhunzi, ndiyo mkuu, anafua, hapana mkuu, sijui niandike kosa gani. Kisha akasikiliza. Akafunika simu kwa kiganja, akamgeukia Khadijo.

"Mkubwa anauliza, nimwambie mnafanya nini hapa?"

"Mwambie reli imefika Garissa," Khadijo akasema. "Na inafanya kazi."

Kisha akamwashiria mumewe kwa kidevu, na Siyad akashusha nyundo.